Bei ya mchele, pampu ya jua na mto unaokauka

Tangu mtambo wa tisa wa Bwawa la Julius Nyerere uwashwe mwaka 2025 na uwezo wake kufika megawati 2,115, swali la zamani la bonde la Rufiji limerudi: maji yanaishia wapi kabla ya kufika bwawani? Majibu yanayosikika zaidi ni mawili. La kwanza, watu tumekuwa wengi. La pili, wakulima wa juu ya mto wanamwaga maji ovyo, kwa hiyo wapewe mipira ya kumwagilia kwa matone na pampu za kisasa, na mto utajaa. Majibu haya yamebeba hotuba, bajeti na hata operesheni za kuhamisha watu, na yote mawili yanakosea mahali pamoja. Yanayaona matumizi ya maji kama tabia ya watu. Ukipita sekta moja baada ya nyingine utakuta matumizi yanapanda na kushuka kwa kufuata mambo matatu: bei ya kile maji yanachozalisha, gharama ya kuyafikisha maji mahali pake, na namna sekta ya jirani inavyopata nishati au maji yake. Idadi ya watu imo katika hesabu, lakini iko nyuma sana.

Tuanze na ukubwa wa kila sekta. Takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, za mwaka 2002 zinaonyesha Tanzania ilichota takribani mita za ujazo bilioni 5.18 kwa mwaka. Kilimo kilichukua bilioni 4.63, yaani asilimia 89. Majumbani na mijini zilikwenda milioni 527, na viwandani milioni 25 tu. Sensa ya mwaka huo huo ilihesabu watu milioni 34.4, kwa hiyo kila mtu alitumia wastani wa lita 42 kwa siku. Chukulia watu wangeongezeka mara mbili papo hapo, kila mmoja na lita zake 42. Nyongeza nzima ingekuwa milioni 527, sawa na kilimo cha umwagiliaji kupanuka kwa asilimia 11 hivi. Sasa linganisha na mipango yetu: lengo lililowekwa mwaka 2020 lilikuwa kutoka hekta zipatazo 695,000 za umwagiliaji hadi milioni 1.2 ifikapo 2025, na bajeti ya umwagiliaji ya mwaka 2022/23 ilirushwa kutoka shilingi bilioni 46.5 hadi bilioni 361.5. Uamuzi mmoja wa bajeti unaweza kuutikisa mto kuliko watoto wote watakaozaliwa katika bonde lake kwa miaka kumi.

Anayetetea hoja ya idadi ya watu atajibu kwamba watu hawanywi maji tu, wanakula, na chakula ndicho kinachomaliza maji. Ni hoja nzito na inastahili kupimwa. Lakini wengi wetu tunashiba mahindi, mihogo, ndizi na maharage yanayooteshwa na mvua, na mazao hayo hayagusi banio lolote, yaani ukuta unaoingiza maji ya mto mferejini. Kinachogusa banio ni mpunga, vitunguu, nyanya na miwa, na mazao hayo hufuata soko. Mwaka 2002 tulikuwa milioni 34.4, mwaka 2022 tukafika milioni 61.7. Katika miaka hiyo ishirini mpunga ulilindwa na ukuta wa forodha: Jumuiya ya Afrika Mashariki iliuweka mchele katika kundi la bidhaa nyeti, na ushuru wa asilimia 75 kwa mchele wa nje ya Jumuiya, huku Kenya ikiruhusiwa kutoza asilimia 35. Mchele wa Kyela, Mbarali na Kahama ukapata bei nzuri nyumbani, na wanunuzi kutoka nchi jirani wakaja hadi vinu vya vijijini. Mkulima wa Usangu, tambarare ya mpunga ya Mbeya ambako hukusanyika maji ya Ruaha Mkuu yanayokwenda Rufiji, anayeamua kama ekari ya tatu ataifanya jaruba la mpunga au ataiacha majani hafikirii sensa. Anafikiria bei ya gunia.

Mfano wa nje unasaidia hapa kwa sababu umepimwa kwa miaka mingi. Marekani ilifikia kilele cha uchotaji wa maji karibu na mwaka 1980. Kufikia 2015 uchotaji ulikuwa umeshuka kwa karibu robo, wakati watu walipanda kutoka milioni 226 hadi milioni 320 hivi. Kilichoushusha zaidi ni vituo vya umeme. Vituo vya zamani vya makaa ya mawe vilipitisha maji ya mto mara moja kwenye mitambo ili kuipoza, kisha vikayarudisha mtoni yakiwa na joto. Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972 ilivibana, mitambo mipya ikaanza kuzungusha maji yale yale kwenye minara ya kupozea, baadaye gesi ikawa rahisi na makaa yakaanza kufungwa. Hata hivyo mnara wa kupozea huchota kidogo lakini hupoteza kwa mvuke sehemu kubwa zaidi ya kile ulichochota, na kwa kila uniti ya umeme upotevu wake huwa mkubwa kuliko ule wa mtambo wa kupitisha mara moja. Kwa hiyo takwimu ya uchotaji inaweza kuanguka huku mto ukibaki na unafuu mdogo kuliko inavyoonekana.

Tofauti hiyo, ya kuchota na kula, ndiyo inayopotea katika mijadala yetu. Maji yaliyochotwa yanaweza kurudi mtoni kupitia mfereji wa kutolea, kisima au chemchemi ya chini. Maji yaliyoliwa yamekwenda angani kama mvuke na bonde halitayaona tena msimu huo. Hekta moja ya mpunga hula mita za ujazo 8,000 hivi kwa msimu, sawa na milimita 800 za maji juu ya shamba lote. Kwa lita 80 kwa mtu kwa siku, kiasi hicho kinatosha watu 270 mwaka mzima. Umeme wa maji uko upande wa pili: hauli karibu chochote kwenye mtambo. Kwenye mto Ruaha Mkuu, tone lililozungusha mashine za bwawa la Mtera huenda kuzungusha za Kidatu, kisha hufika Bwawa la Nyerere, na kwa kila mita 100 za mporomoko mita moja ya ujazo hutoa karibu robo ya uniti. Ulaji wa umeme wa maji uko juu ya ziwa lenyewe. Ziwa la kilomita za mraba 900, likipoteza mita moja na nusu kwa jua kwa mwaka, limerusha angani mita za ujazo bilioni 1.35. Mvua inayonyesha juu yake hurudisha sehemu, lakini hesabu hiyo inafaa kuwekwa mezani kila tunapowanyooshea wakulima kidole.

Usangu ndiko makosa haya yalikogharimu zaidi. Ruaha Mkuu ulianza kukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha mwaka 1993, na umeme wa taifa, ambao wakati huo ulitegemea maji karibu wote, uliingia kwenye mgawo miaka hiyo hiyo. Matukio mawili yakaunganishwa kuwa moja: wakulima wa mpunga wamekausha mto, kwa hiyo Mtera imekauka, kwa hiyo taa zimezimika. Hesabu inakataa. Bwawa la Mtera, kati ya kina cha chini cha mita 690 na cha juu cha mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, hushika mita za ujazo zinazotumika zipatazo bilioni 3.2. Tuseme mabanio ya Usangu yanachukua mita nne za ujazo kwa sekunde kwa siku 120 za kiangazi, bila kubakiza hata tone. Hiyo ni milioni 41, yaani asilimia 1.3 ya bwawa. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika. Watafiti waliofuatilia bonde hilo mwishoni mwa miaka ya 1990 walifika hapo hapo: kukatika kwa mto hifadhini kulitokana na mabanio ya kiangazi, na upungufu wa Mtera ulitokana zaidi na namna maji yalivyofunguliwa bwawani kuliko yalivyoingia. Yalikuwa magonjwa mawili, yakapewa dawa moja. Mwaka 2001 serikali iliahidi mto utiririke mwaka mzima ifikapo 2010. Wafugaji wakaondolewa Ihefu, ardhioevu ya Usangu, kuanzia 2006, eneo likaunganishwa na hifadhi mwaka 2008, na kiangazi kilichofuata mto ukaendelea kukatika.

Kwa nini ulikatika basi? Sababu mojawapo ni ya kihandisi na bado haijasemwa vya kutosha. Banio la asili la Usangu lilijengwa kwa miti, mawe, majani na udongo. Lilivuja muda wote, mafuriko ya masika yalilibeba, na wakulima walilijenga upya baada ya maji kushuka. Kuvuja huko kulikuwa ndiyo haki ya watu wa chini ya mto. Kuanzia miaka ya 1980 miradi ya kuboresha skimu za umwagiliaji ikaweka mabanio ya zege yenye malango ya chuma, kwa lengo zuri la kuongeza ufanisi na kumpunguzia mkulima kazi ya kujenga kila mwaka. Lango la chuma lina uwezo ambao rundo la miti halikuwa nao: likifungwa kiangazi, mto wote unaingia mferejini. Gharama ya kuyachukua maji yote ilishuka hadi kuzungusha usukani, na matumizi yakapanda kuifuata gharama hiyo mpya.

Sababu ya pili inahusu vijiji vyenyewe. Mifereji mingi ya Usangu hubaki wazi Septemba na Oktoba, wakati hakuna mpunga shambani. Ukiuliza utaambiwa ni maji ya nyumbani. Tazama kinachotokea hapo. Kijiji cha watu 3,000, kwa lita 25 kwa mtu, kinahitaji mita za ujazo 75 kwa siku. Ili ndoo zijae kilomita sita kutoka banioni, mfereji wa udongo unatakiwa kutiririsha, tuseme, lita 100 kwa sekunde, vinginevyo maji yananywewa na ardhi njiani. Lita 100 kwa sekunde ni mita za ujazo 8,640 kwa siku. Chini ya asilimia moja inafika kwenye ndoo, nyingine inazama au inapotelea kwenye madimbwi na magugu. Katika takwimu maji hayo huandikwa kilimo, ilhali kilichoyatoa mtoni ni kukosekana kwa kisima kirefu kimoja chenye pampu. Hapa sekta ya maji vijijini inaamua matumizi ya sekta nyingine kabisa, na fedha za kuuacha mto utiririke zingepaswa kutoka fungu la visima.

Kilimanjaro ilitoa somo la bei mapema zaidi. Mradi wa Moshi Chini ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, hekta 2,300 zikiwa zimesawazishwa, mifereji imejengwa kwa zege, mabanio ya Mabogini na Rau yanafanya kazi. Mavuno ya mpunga yaliruka kutoka tani mbili hivi kwa hekta hadi zaidi ya sita. Majirani wa juu ya mabanio waliona magunia yanavyotoka, wakachimba majaruba yao nje ya mradi, wakachukua maji kabla hayajafika. Miaka michache baadaye mradi wenyewe ulikuwa hauwezi kupanda eneo lake lote la mpunga kwa msimu mmoja, na waliokosa maji wakarudi kwenye mahindi. Idadi ya watu wa Moshi haikuruka miaka hiyo. Kilichoruka ni faida ya kila lita.

Mijini nako kichocheo ni bomba kuliko vichwa. Familia inayobeba maji kwa ndoo na kutumia choo cha shimo huishi kwa lita 20 hadi 30 kwa mtu. Ikiwekewa bomba ndani, choo cha kuvuta cha lita sita hadi tisa kwa kila mvuto na bafu la mvua, matumizi hupanda mara tatu au zaidi, watu wale wale. Hilo ni jambo jema kabisa na lazima liendelee. Lakini lipimwe kwa kipimo chake. Mitambo ya kusafisha maji ya Ruvu Chini na Ruvu Juu imejengwa kuzalisha lita milioni 270 na milioni 196 kwa siku, jumla mita za ujazo 5.4 kwa sekunde. Skimu ya mpunga huhitaji lita moja hadi mbili kwa sekunde kwa hekta. Kwa lita moja na nusu, maji yote ya Ruvu yanayolisha jiji la Dar es Salaam yangemwagilia hekta 3,600, kidogo zaidi ya shamba moja la Mbarali lililojengwa kwa hekta zipatazo 3,200. Ndiyo maana mgawo wa Oktoba 2022 ulikuja haraka hivyo: kina cha Ruvu kiliposhuka, mashamba machache ya juu ya mto yalitosha kuamua kama mamilioni wanaoga. Na jiji lina deni lake pia, kwa kuwa kwa miaka mingi zaidi ya theluthi ya maji yaliyosafishwa imepotea kabla ya kulipiwa, kwa mabomba ya zamani, mita mbovu na maunganisho ya wizi.

Tufike kwenye hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayopendwa zaidi: kwamba umwagiliaji wa matone utaurudishia mto maji yake. Mkulima ana kibali cha kuchukua mita za ujazo 100. Kwa mfereji, mazao hula 50, kumi zinapotea kwa mvuke na magugu, 40 zinarudi mtoni au chini ya ardhi ambako jirani anazichota. Anaweka matone, na sasa mazao yanaweza kutumia 90 kati ya zile 100. Kibali hakijapunguzwa. Atafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: atapanua shamba kutoka ekari tano hadi tisa. Uchotaji ni ule ule, ripoti ya mradi itasema ufanisi umepanda kutoka asilimia 50 hadi 90, mavuno yatakuwa mazuri kweli, na mto uliokuwa ukirudishiwa 40 sasa utapata chini ya kumi. Matone ni teknolojia nzuri ya kuongeza kipato na kupunguza mbolea inayosombwa. Yanaokoa mto pale tu kibali kinapopunguzwa siku ile ile mipira inapotandazwa.

Matone nayo huwa na matatizo yake shambani. Tundu la kutoa lita moja au mbili kwa saa ni jembamba, na maji ya mto yenye mchanga, mwani au chuma huliziba ndani ya wiki chache kama hakuna chujio la meshi 120 linalooshwa kila siku na mistari ya mipira haifunguliwi mwishoni kusukuma uchafu. Tangi likiwekwa mita moja tu juu ya ardhi, msukumo hautoshi mistari mirefu, mimea ya mwisho inakauka. Mkulima huchukua msumari wa moto na kupanua matundu. Kuanzia hapo amelipia matone na anamwagilia kama mfereji.

Pampu ya jua inakwenda mbali zaidi, kwa sababu inafuta breki ya mwisho. Pampu ndogo ya petroli hula lita moja hivi kwa saa, na kila saa ya ziada inauma. Mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni huzima pampu mara tu udongo unapolowa kwa kuwa anasikia pesa ikiungua. Akihamia jua, saa ya ziada haina bei. Paneli zimenunuliwa kwa mkopo, zinatakiwa zijilipe, jua linawaka kwa muda wa saa tisa kwa siku, na ekari ya jirani inakodishwa. Siipingi pampu ya jua, inamtoa mtu kwenye umaskini wa mafuta. Ninachodai ni kwamba anayeigawa kwa ruzuku ajue kwamba ameshusha bei ya maji hadi sifuri, na aweke kitu kingine mahali pa bei hiyo: mita kwenye bomba la kutolea, na kikomo cha ujazo kwa mwaka.

Sekta ya umeme ndiyo inayofanya jambo hili liwe la haraka sasa. Gesi ya Songo Songo kuanzia 2004, kisha bomba la Mtwara mwaka 2015, zilitupa miaka ambayo kiangazi cha Usangu hakikuwa lazima kiwe giza la Dar es Salaam. Bwawa la Nyerere limerudisha sehemu kubwa ya umeme wetu mtoni. Tone la masika la Usangu au Kilombero sasa lina mnunuzi mkubwa chini, na mvutano wa miaka ya 1990 utarudi ukiwa na uzito zaidi, hasa mwaka ambao mvua zitachelewa na mwendeshaji wa bwawa atashawishika kufungua maji mengi kuliko yanayoingia.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazipa bodi za mabonde uwezo wa kutosha kama vibali vitaandikwa upya. Kibali cha leo husema lita kadhaa kwa sekunde, mwaka mzima. Lita 250 kwa sekunde mwezi Machi ni kitu kidogo, Oktoba zinaweza kuwa mto mzima. Kibali kisomeke kwa sehemu: banio hili lichukue theluthi ya kinachopita, kila siku, na ukuta wa banio ujengwe kwa mianya isiyo na lango ili sehemu iliyobaki ipite yenyewe bila mlinzi. Skimu inapoboreshwa, kibali kieleze mita za ujazo zitakazoliwa na mazao kabla na baada, na tofauti ikatwe. Kijiji kinachoacha mfereji wazi kwa ajili ya ndoo kichimbiwe kisima kabla ya kuamriwa kufunga. Na kabla Tume ya Taifa ya Umwagiliaji haijatangaza zabuni ya skimu inayofuata Usangu, wakulima wa Mbarali, hifadhi na wenye mitambo ya umeme waelezwe kwa maandishi ni lita ngapi kwa sekunde zitabaki zikipita Ng'iriama, kwenye mdomo wa Ihefu, katika wiki ya mwisho ya Oktoba.